Ukikata pumzi dakika ya 80, tafuta kosa dakika ya 30

Jumatatu baada ya mechi kubwa, nenda kijiwe chochote cha kahawa, hutakuta timu iliyofungwa. Utakuta refa aliyebeba wenzake, uwanja uliojaa mabonde, na straika aliyekosa bao ambalo hata bibi yake angefunga. Timu yenyewe haina kosa. Ilionewa tu.

Wapo watu ambao Jumatatu yao haiko hivyo. Ni wale wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mpigo, saa ikihesabu tangu mtu anaingia majini hadi anavuka mstari wa mwisho. Ile ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za miguu. Ndefu zaidi ya hapo zipo, na tutazifikia.

Wengi wanaoshiriki si mastaa. Ni watu wa ridhaa: mhasibu, mwalimu, muuza duka. Analipa kiingilio mwenyewe, anaamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini, hana kocha wa kumfokea wala msemaji wa kumtetea. Akimaliza wa mia tatu hakuna gazeti litakalomwandika. Anachopata ni karatasi ya matokeo yake, na hapo ndipo utamu unapoanza.

Karatasi ile ina muda wa sehemu tano, si tatu. Kuogelea, kubadili mara ya kwanza, baiskeli, kubadili mara ya pili, kukimbia. Kubadili ni pale mtu anapotoka majini, anavua miwani, anavaa kofia ngumu na kuichukua baiskeli. Baadaye anairudisha na kuvaa raba. Saa haisimami hata kidogo. Ukikaa chini kutafuta soksi, soksi zako zinahesabiwa. Shabiki wa mpira aliyezoea kuona kipa anajilaza dakika tatu akishika paja atashangaa kidogo.

Muulize mtu wa ridhaa mbio zilimshinda wapi, karibu kila mara atajibu: kwenye kukimbia. Si ndiko alikoumia? Ilipofika kilomita ya saba miguu ikawa mizito, watu wakaanza kumpita, hata wazee, akaishia kutembea. Kwa hiyo anajipangia mwezi mzima wa kukimbia zaidi.

Karatasi inamsuta. Ukiitazama vizuri unakuta kwenye baiskeli jamaa alikwenda kama bodaboda iliyokatika breki, kwa kasi ambayo hajawahi kuishika mazoezini. Watu walikuwa wanashangilia pembeni, naye akanogewa. Chupa ya maji aliyoondoka nayo ikarudi imejaa nusu, na ile ndizi aliyopanga kuila njiani ikarudi na ganda lake. Miguu iliyokosekana kilomita ya saba ya kukimbia aliimaliza kilomita ya kumi ya baiskeli. Aliumia sehemu moja, alikosea sehemu nyingine.

Kosa hili ni la zamani kama mchezo wenyewe. Zile mbio ndefu zinazoitwa Ironman zilizaliwa Hawaii kutokana na ubishi, tena ubishi wa kijiweni hasa: nani ana pumzi zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akaona dawa ni kuunganisha mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu kuwa moja: kilomita 3.8 za bahari, 180 za baiskeli, kisha marathoni nzima. Februari 1978 walijitokeza watu 15. Waliomaliza ni 12.

Aliyekuwa mbele kwa sehemu kubwa ya siku hiyo ni John Dunbar, mwanajeshi wa kikosi maalumu cha majini. Enzi hizo kila mshiriki alikuwa na watu wake wa kumpa maji njiani. Wakati wa marathoni watu wa Dunbar waliishiwa maji, wakampa bia. Ndiyo, bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Dunbar akaja zaidi ya nusu saa nyuma yake. Ukitazama mbio zile utasema Dunbar alishindwa na miguu. Kilichomshinda ni hesabu ya maji, kazi ambayo hufanywa mezani siku moja kabla.

Miaka minne baadaye, Februari 1982, ikatokea kubwa zaidi. Julie Moss, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 23 kutoka California, alikwenda Hawaii kwa ajili ya utafiti wa kazi yake ya kumaliza masomo. Hakuna aliyemtaja kwenye hesabu za ushindi. Bwana, binti akajikuta anaongoza wanawake wote, na anaongoza kwa mbali.

Halafu mwili ukagoma. Misuli na ini vina akiba ya sukari, na akiba hiyo ina mwisho. Anayesahau kuijaza kwa kula na kunywa mapema, hasa akiwa bado kwenye baiskeli, hawezi kuijaza kwa kupenda baada ya saa kumi barabarani. Moss akaanguka. Akainuka, akayumba, akaanguka tena. Mita chache kabla ya mstari Kathleen McCartney akampita, tena bila kujua kwamba anayempita ndiye kinara. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akaugusa mstari. Tofauti yao ilikuwa sekunde 29, katika mbio za saa 11 na dakika 9.

Televisheni ya ABC ilionyesha picha zile na Marekani nzima ikalia. Mpaka leo zinaonyeshwa kama somo la kutokata tamaa, na kweli moyo ule ni wa kipekee. Lakini ushujaa unaweza kumficha mtu kosa. Mtu wa ridhaa anayeitazama video ile na kuondoka na machozi tu ameondoka na nusu ya mambo. Nusu nyingine ni swali baridi: zile sekunde 29 zilipotea saa ngapi? Zinaweza kuwa kwenye kituo cha maji kilichopitwa kwa haraka, au kwenye chakula ambacho hakikuliwa. Mahali ambapo hazikupotea ni pale kwenye zile mita za mwisho, ingawa kamera zote zilikuwa pale.

Na hata akilijua kosa, bado kuna mtego wa pili. Binadamu hupenda kufanyia mazoezi kile anachokiweza. Aliyekulia kwenye kukimbia, akishindwa, anarudi kukimbia. Anajua kabisa kwamba majini anameza maji, ananyanyua kichwa kila mara kutafuta njia na anatoka hoi kabla mbio hazijaanza vizuri. Lakini bwawani kuna watoto wa darasa la nne wanaompita, na aibu ile haivumiliki. Kwa hiyo anaboresha sekunde tano kwenye miguu na kuziacha dakika sita majini.

Mashabiki wa Taifa Stars hawahitaji kwenda Hawaii kulielewa hili. Juni 27, 2019, Cairo, kwenye AFCON, Tanzania ilikutana na Kenya. Simon Msuva akafunga dakika ya sita. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta akarudisha uongozi. Mapumziko ni 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo akafunga dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Kenya 3, Tanzania 2. Timu iliongoza mara mbili na ikarudi na sifuri.

Maneno yaliyofuata yalikuwa ya bao la mwisho. Nani alikuwa wapi, nani alimwacha Olunga. Ni sawa na yule mhasibu anayelalamikia kilomita ya saba. Swali la karatasi ni jingine: kati ya dakika ya sita na ya 39, timu ikiwa mbele, ilikimbia kwa kasi ya nani? Ilipokuwa na mpira ilipumzika nao au ilikuwa inaurudisha kwa Wakenya na kuanza kuukimbiza upya? Pumzi ya dakika za lala salama hailetwi na sub wawili. Inatunzwa kipindi cha kwanza, kwa pasi fupi zisizo na mvuto ambazo jukwaani huzomewa.

Jukwaa nalo lina mchango wake hapa. Linataka mpira uende mbele, linataka mtu aruke tackle, kama wale waliokuwa wanamshangilia jamaa kwenye baiskeli. Mtu wa ridhaa anaweza kuziba masikio kwa sababu hakuna anayemdai chochote. Kocha wa Stars anadaiwa na nchi nzima.

Kisha ikaja San Pédro, Januari 21, 2024, AFCON nyingine, Zambia. Msuva akafunga tena mapema, dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe akatolewa kwa kadi nyekundu, Zambia wakabaki kumi. Dakika ya 88 Clatous Chama, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba, akapiga kona, Patson Daka akaitia kwa kichwa. 1-1. Mpaka leo ukiitaja mechi hiyo, watu wanaanza na kona: nani alipaswa kumkaba Daka, na kwa nini lazima awe Chama jamani. Kati ya kadi ile na kona ile kuna dakika 44, wenzao wakiwa pungufu. Kijiweni hazitajwi.