MABINGWA WA VIMBUNGA MTANDAONI, ROHO YA MVUVI WA TUMBE SI MCHEZO WENU!

Wadau, kuna hawa jamaa, kimbunga kikizaliwa tu Bahari ya Hindi, nao wanageuka mabingwa. Ramani ya rangi, mshale mwekundu, "kinatua Pemba usiku huu!" Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, kama kilomita 300 kusini mwa Tumbe, tena nguvu zimeshapungua. Jobo cha 2021 nacho kilififia kikikaribia Dar. Jamaa wakanuna, eti "kimbunga gani hiki", utadhani wamenyimwa fainali!

Kibaya zaidi, wanarusha namba wasizozijua. Upepo wa noti 50 si kilomita 50 kwa saa, ni zaidi ya 90! Mvuvi wa Tumbe akiiamini hiyo, anatia ngalawa majini. Na akitishwa bure mara mbili, ya tatu hata Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema kweli hasikii. Wakati bahari hii haina utani: 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu Unguja.

Wanataka laiki? Wapige picha za machweo. Upepo wawaachie wenye vipimo.

Wadau mnasemaje? Tiririkeni hapo chini.