Taa za Nyongeza za Pikipiki: Zimwoneshe Dereva Njia, Zisimpofue Mwenzake

Taa za nyongeza ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya vipuri vya pikipiki, mijini na vijijini. Dereva wa bodaboda anayezinunua hutajiwa wati, bei na umbali ambao mwanga unadaiwa kufika. Ni nadra kutajiwa jicho: jicho lake mwenyewe, la abiria anayembeba, la mtembea kwa miguu aliye kando ya njia na la dereva anayekuja mbele yake. Ndiyo maana uchaguzi wa taa hizi haupaswi kuachiwa fundi na muuzaji peke yao. Ni suala la afya ya jamii, na kigezo cha ukali wa mwanga pekee hakitoshi kulimaliza.

Uzito wa suala lenyewe haubishaniwi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasio na bodi ya gari ya kuwakinga: watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Elimu inayotolewa kwa waendesha pikipiki imeelekezwa zaidi kwenye kofia ngumu, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa uchambuzi wa tafiti nyingi umeonesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69. Hata hivyo, kofia huanza kazi pale ajali inapotokea. Taa hufanya kazi kabla ya hapo, na wahudumu wa afya wameizungumzia kidogo mno.

Hitaji la mwanga zaidi ni la kweli, na si haki kulibeza kuwa ni mapenzi ya mapambo. Pikipiki nyingi za bodaboda huja na balbu ya halojeni ya wati 35, na katika baadhi yake mwanga hufifia injini inapozunguka polepole, yaani pale pale dereva anapopita kwenye mashimo. Anayekwenda kilometa 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kugusa breki, amekwisha kwenda mita 25. Kisha breki huhitaji mita nyingine 23 hivi kwenye lami kavu. Jumla ni karibu mita 48. Akiwa na mwendo wa kilometa 80 kwa saa, jumla hiyo hukaribia mita 75, na kwenye lami yenye maji au njia ya changarawe huongezeka. Taa iliyochakaa, yenye kioo chenye vumbi au iliyoinamia tairi, haimwoneshi umbali huo. Dereva huyo anaendesha ndani ya giza ambalo hawezi kusimama kabla ya kulifikia.

Kosa huanza pale hitaji hilo linapojibiwa kwa kutafuta taa kali kuliko zote dukani. Jicho lina taratibu zake gizani. Mboni hupanuka, na seli za retina zinazohusika na mwanga hafifu hurejesha uwezo wake polepole. Kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Mwanga mkali unaoingia ghafla huvuruga hali hiyo mara moja. Sehemu yake hutawanyika ndani ya jicho na kutanda kama pazia jeupe juu ya kila kinachotazamwa, kiasi kwamba mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi hutoweka ingawa yuko mita chache mbele. Mwanga ukishapita, jicho huhitaji sekunde kadhaa kurejea. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde 3 za kutoona vizuri ni mita 50 za barabara.

Athari hiyo si sawa kwa watu wote. Mwenye mtoto wa jicho anayeanza, mwenye kovu kwenye konea na mtu mwenye umri mkubwa hutawanyiwa mwanga zaidi ndani ya jicho, na huchelewa zaidi kurejea katika hali yake. Hao ndio mara nyingi hutembea kandokando ya barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu, au huendesha baiskeli kutoka shambani jioni. Taa iliyofungwa ili kumlinda kijana mwenye macho mazima yaweza kumpokonya mzee yule kiasi kidogo cha uwezo wa kuona kilichobaki.

Madereva wana jibu lao, nalo linastahili kusikilizwa. Husema kuwa malori na mabasi huwamulika bila huruma, kwamba asiyekuwa na taa kali husukumwa nje ya lami, na kwamba barabara zenyewe hazina taa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini dereva wa lori aliyepofushwa si dereva aliyetiishwa. Hawezi kuona ukingo wa lami wala mahali pikipiki ilipo, na tani zake nyingi huelekea pale pale anaposhindwa kupaona. Katika mashindano ya kupofushana, mwenye chombo chepesi ndiye anayepoteza uhai. Kwa hiyo, hata kwa anayejali usalama wake tu, mwanga unaompofusha mwenzake ni hasara.

Taa inayofaa, basi, ni ile inayopeleka mwanga barabarani na kuuzuia kupanda machoni. Taa yenye mwanga mpana na mfupi, iliyokatwa vizuri upande wa juu, humwonesha dereva mashimo, kona na kingo za njia, na yaweza kuwashwa wakati wa kupishana ikiwa imeelekezwa chini. Taa ya mwanga mwembamba unaofika mbali ni kwa barabara tupu pekee. Iunganishwe na taa ya juu ya pikipiki ili dereva akishusha taa, nayo izimike papo hapo bila kumtaka akumbuke swichi ya pili. Vijitaa vingi vilivyopangwa kwenye ubao mmoja bila kioo cha kuongoza mwanga humwaga mwanga kila upande na havifai barabarani. Vivyo hivyo kwa balbu ya LED inayochomekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni: kiakisi cha ndani kilipangwa kwa waya wa balbu ya awali, na chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga hupotea njia.

Yapo mambo mengine mawili yanayosahaulika. La kwanza ni upande wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia huinua sehemu ya mwanga upande wa kulia, yaani kwenye macho ya anayekuja. La pili ni mzigo. Abiria wawili au gunia la mahindi hushusha nyuma ya pikipiki na kuinua mwanga wa mbele, hivyo taa iliyopangwa vizuri gereji hupofusha ikiwa kazini. Kipimo chake ni rahisi: pikipiki isimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, ikiwa na dereva na uzito wa kawaida wa kazi, ukingo wa juu wa mwanga mkali uwe chini ya kimo cha taa yenyewe. Rangi ihesabiwe baadaye. Mwanga wenye umanjano huwaudhi wengi kidogo kuliko mweupe unaoelekea bluu, lakini katika ukungu na vumbi, kinachosaidia zaidi ni taa kuwa chini, pana na iliyokatwa juu.

Ufungaji nao una madhara yake. Taa mbili za wati 20 kila moja huvuta zaidi ya ampea 3 katika mfumo wa volti 12. Zikiunganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya awali, huipasha joto hadi ikaharibika, na betri ndogo huishiwa nguvu kabla ya alfajiri. Fundi mwangalifu huchukua umeme kutoka kwenye betri kwa kupitia fyuzi iliyo karibu nayo, hutumia rilei, hufunga waya mbali na usukani unaozunguka na injini yenye joto, na huhakikisha taa huzimika ufunguo unapozimwa. Taa zote zikizimika ghafla kwenye kona, dereva yuko katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kuzifunga.

Kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonekana. Pikipiki yenye taa moja usiku humchanganya dereva wa gari, kwa kuwa nukta moja ya mwanga haimwoneshi umbali wala mwendo. Watafiti wa saikolojia ya uonaji wameonesha kuwa taa tatu zilizopangwa kwa umbo la pembetatu humsaidia kukadiria mwendo huo vizuri zaidi. Hiyo ni sababu njema ya kufunga taa mbili ndogo chini, moja kila upande wa taa kuu. Mchana pia kuna faida. Malaysia ilianza kuwataka waendesha pikipiki wawashe taa mchana mwaka 1992, na ajali zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusisha nguo zinazoakisi mwanga na upungufu wa asilimia 37 wa hatari ya kujeruhiwa au kufa, taa iliyowashwa mchana na asilimia 27, na kofia nyeupe ikilinganishwa na nyeusi na asilimia 24. Nguo hiyo haitumii betri, haimpofushi mtu, na bei yake ni ndogo kuliko ya taa nyingi.

Kutokana na hayo, mwenye fedha kidogo afuate mpangilio huu. Kwanza asafishe kioo cha taa aliyo nayo, aipange, na abadilishe balbu iliyofifia. Pili ahakikishe taa ya nyuma, taa ya breki na indiketa zinawaka, kwa maana anayegongwa kwa nyuma haokolewi na mwanga wa mbele. Tatu anunue kizibao na karatasi za kuakisi mwanga. Taa za nyongeza ziwe za nne. Mpangilio huu hauwahusu madereva peke yao. Vijana wengi huendesha pikipiki za watu wengine kwa hesabu ya kila siku au kila wiki, na ni vigumu kumtaka kijana atumie akiba yake kwenye chombo ambacho kesho kinaweza kuchukuliwa. Mmiliki anayedai hesabu kamili na kukabidhi pikipiki yenye taa mbovu anashiriki katika ajali itakayofuata.

Kwa upande wa wahudumu wa afya, wajibu wao uko karibu kuliko unavyodhaniwa. Majeruhi anayerudi kliniki ya mifupa huulizwa kuhusu kofia. Aulizwe pia kuhusu taa na kama mwanga wa wengine humsumbua kuliko zamani. Jibu la ndiyo ni sababu ya kumpeleka kliniki ya macho, kwani huenda tatizo liko kwenye jicho na hakuna taa itakayolitibu. Mgonjwa mwenye mtoto wa jicho anapokiri kuwa haoni usiku, aambiwe wazi kuwa kuendesha usiku kusubiri upasuaji. Na vituo vya afya vyenye pikipiki za huduma za chanjo na za mkoba vianze na vyombo vyao wenyewe, kwa sababu ushauri wa muuguzi anayeondoka kituoni jioni kwa pikipiki isiyo na taa ya nyuma hautasikilizwa.

Dukani, dereva ataendelea kuuliza taa ipi ni kali zaidi. Iwapo atakuwa ameambiwa na muuguzi, daktari au mgonjwa mwenzake aulize pia mwanga unaangukia wapi, ataondoka na kifaa tofauti, na huenda asirudi wodini.