Tumwite kwa Jina Lake

Majirani zangu wa Magomeni, jioni moja wiki iliyopita nilikaa barazani nikitazama wasichana wakicheza rede. Mpira wa soksi unarushwa, chupa inajazwa mchanga, kelele mtaa mzima. Mmoja alikuwa ameegemea ukuta peke yake. Yuko darasa la sita. Nikamwita, nikamuuliza mbona hachezi.

"Shikamoo shangazi. Hawanichagui. Wanasema Lami akakae barabarani."

Lami. Jina hilo watoto hawakulitunga. Tulilianza sisi watu wazima, angali anabebwa mgongoni, tulipomwambia mama yake huku tukicheka kwamba mwanawe kazaliwa umeme umekatika. Nami nilikuwepo, nikacheka.

Alipoketi karibu yangu ndipo nikauona mkono. Kuanzia kiwiko kushuka chini ngozi imekuwa nyekundu kama iliyomwagikiwa maji ya moto, lakini vifundo vya vidole vimebaki na rangi yao. Ni mkorogo. Amedunduliza hela ya kula shuleni, akauziwa kikopo kisicho na lebo, kimepimwa kwa kijiko. "Nikiwa mweupe kidogo wataniita," aliniambia.

Wenzangu, ndani ya mikorogo hiyo mara nyingi mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki hupenya ngozini ikaenda kuharibu figo. Steroidi huikondesha ngozi hadi ikatoka mistari, na kidonda kikachelewa kupona. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku nchini miaka mingi, na tangu 2019 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi. Lakini toka Mapipa hadi Kariakoo ni vituo vichache tu vya mwendokasi, na bidhaa yenye wateja haikosi wa kuipitisha. Mteja huyu wa miaka kumi na miwili tumemtengeneza sisi, kwa midomo yetu.

Nilimsimulia habari za Flaviana Matata, binti wa Kitanzania aliyekwenda kwenye Miss Universe kule Meksiko mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, na weusi wake uleule, akaingia kumi bora. Akaniuliza, "Hata nywele hakuwa nazo?" Akacheka. Kabla ya hapo sikuwahi kusikia kicheko chake.

Basi nawaomba, kuanzia Mikumi, Kagera, Usalama hadi kule Kota: leo hii tuache kuwaita watoto Lami, Mkaa, Usiku. Ukimsikia mwanao anatamka jina kama hilo, msahihishe hapohapo, mbele ya wenzake, maana na aliyetukanwa aliyasikia matusi mbele ya watu. Dada zangu wenye saluni, msimuuzie mtoto mkorogo, na msimwambie atapendeza aking'aa. Kina mama tunaojichubua, tuseme kweli, binti anatazama kikopo kilicho juu ya kabati letu kabla hajatafuta cha kwake. Walimu, mtoto anayecheza peke yake kila mapumziko aulizwe kulikoni. Na mtoto anayeonewa, au mtu mzima anayemjali, anaweza kupiga 116, simu ya watoto, bila malipo.

Mkutano wa mtaa unaokuja nitasimama nitaje jambo hili, nimwombe mwenyekiti aliweke kwenye ajenda, na nimwombe radhi mama yule hadharani kwa kicheko changu. Njooni tusimame wengi. Na jioni ya leo, rede ikianza, mmoja wenu atoke barazani amwite yule mtoto aingie kucheza, amwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.