Mgongo sugu usitibiwe kwa tramadoli ya kila mwezi

Na Yusto Bukuru

Mama anayebeba mihogo kichwani hadi soko la Mabamba, akisema huu ni mwaka wa tatu mgongo haumpi usingizi, haigizi. Anaumwa kweli, na kwa sababu hiyo anastahili tiba iliyofikiriwa. Tramadoli, ambayo wengi huiona kama dawa ya maumivu tu, ni ndugu wa mofini, katika ukoo wa dawa zinazofanya kazi kama afyuni. Baada ya upasuaji au ajali, kwa siku chache, ni msaada mkubwa. Ninachopinga ni mgonjwa asiye na saratani kuimeza mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga na goti kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipewa dawa za ukoo wa afyuni, jingine parasetamoli na dawa nyingine za kawaida. Mwaka ulipoisha, waliotumia afyuni hawakuwa wakimudu shughuli zao vizuri kuliko wenzao, maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi, na madhara ya dawa yaliwaandama zaidi. Si ajabu. Mwili huzoea, dozi ya jana ikawa haitoshi leo. Kidonge kikichelewa, mtu hutoka jasho, hukosa usingizi na viungo vyote humuuma. Anadhani mgongo umezidi, kumbe mwili unadai dawa.

Wapo watakaosema tatizo la Tanzania ni uhaba wa dawa hizi, wala si wingi wake. Wana haki. Mgonjwa wa saratani anayekufa kwa maumivu huku mofini haipatikani anatendewa ukatili, na Uganda imeonyesha tangu 1993 kwamba mofini ya maji inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake. Lakini kumpelekea huyo mofini hakutulazimishi kumpa mkulima mwenye goti bovu tramadoli ya miaka. Marekani ilifuta mpaka kati ya wagonjwa hao wawili baada ya OxyContin, nayo ni dawa ya ukoo wa afyuni, kuingia sokoni 1996, na bado inazika watu.

Swali gumu zaidi ni hili: basi tumpe nini? Si diklofenaki ya kila siku, maana huchoma tumbo na kuumiza figo. Kwanza apimwe. Panapofugwa ng'ombe na kunywewa maziwa mabichi, mgongo na viungo vinavyouma kwa miezi, pamoja na homa inayokuja na kuondoka, vinaweza kuwa brusela. Jasho la usiku, kukonda na miguu kufa ganzi vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Yote mawili hutibika, na yote mawili hufichwa na kidonge kinachotuliza. Asiyekutwa na hayo afundishwe mazoezi ya mgongo, apunguziwe mzigo, apewe dawa za kawaida kwa muda mfupi.

Na wewe unayeitumia tayari kwa miezi, usiiache ghafla. Nenda kituo cha afya, mweleze mganga bila kuficha unameza vidonge vingapi kwa siku na kama unakunywa pombe, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana huweza kuzima pumzi usingizini. Omba dozi ipunguzwe kidogo kidogo.