Kitabu cha Ramani na Elimu ya Kujua Ulipo



Neno ramani, tulitumialo kila siku, lina nasaba ya baharini. Wajuzi wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kiajemi rahnama, yaani mwonyesha njia. Mabaharia wa Kiarabu wakalitamka rahmani, wakakusudia kitabu alichokuwa nacho nahodha chomboni, chenye habari za bandari, nyota na pepo. Basi kwa asili yake ramani ilikuwa kitabu kabla ya kuwa karatasi ya kutundikwa ukutani. Juma hili twataka kukizungumzia kitabu hicho, atlasi, ambacho katika nyumba nyingi hununuliwa kwa ajili ya mtihani wa mtoto, na mtihani ukipita huwekwa juu ya kabati kikakusanya vumbi. Twaona chastahili makao bora. Simu humwambia mtu apinde wapi. Kujua alipo ni elimu nyingine, na elimu hiyo yafaa ianze nyumbani.

Tuanze na jambo lililo karibu nasi kuliko yote, nalo ni kibla. Ifungueni atlasi kwenye ukurasa unaoonyesha Afrika ya Mashariki pamoja na Bara Arabu, kisha mwambieni mtoto aweke rula juu ya Mombasa na aielekeze kaskazini moja kwa moja, akifuata mistari ya longitudo. Rula itapita Makka, na ikiendelea itapita Madina. Mombasa iko karibu na longitudo ya nyuzi 39.7 mashariki, Makka nyuzi 39.8, na Madina nyuzi 39.6. Miji hii mitatu imepangana kana kwamba imetungwa katika uzi mmoja. Lamu iko mashariki kidogo ya mstari huo, kwa hivyo kibla chake huelemea kushoto kidogo ya kaskazini; Unguja iko magharibi kidogo, nacho kibla chake huelemea kulia kidogo. Hata masafa mtoto aweza kuyakadiria mwenyewe: kutoka Mombasa hadi Makka ni nyuzi 25 na nusu za latitudo, na kila nyuzi moja ni karibu kilomita 111, basi jumla ni kilomita 2,800 na ushei.

Faida ya elimu hii si ndogo. Twajua jinsi familia inavyohamia nyumba mpya, simu mbili zikatolewa kutafuta kibla, na kila moja ikaelekeza upande wake. Sindano ya dira iliyo ndani ya simu husumbuliwa na chuma na sumaku: friji, mlango wa geti, spika, hata gari lililoegeshwa karibu. Mama aliyeiona ramani kwa macho yake hatatatizika. Atajua kwamba akiwa Mombasa, akielekea kibla, jua humchomozea mkono wa kulia na kumtulia mkono wa kushoto. Akitaka kuhakikisha zaidi, kuna siku mbili katika mwaka ambapo jua la adhuhuri husimama juu ya Makka yenyewe: karibu na tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na karibu na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, kwa saa zetu ambazo ndizo saa za Makka. Mawingu yakiruhusu, simikeni kijiti wima uani kwa wakati huo. Kivuli chake kitakuwa kimeipa Makka mgongo, nanyi elekeeni upande wa pili. Hayo ni kweli Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko kote pwani.

Baada ya hapo mwonyesheni mtoto ramani ya zamani, ambamo Makka iko chini yetu na wala si juu. Atashangaa, na mshangao huo ndio mlango wa somo la pili.

Ramani hiyo ni ya Sharif al-Idrisi, mwanachuoni aliyefanya kazi Palermo, katika kisiwa cha Sicily, kwenye baraza la Mfalme Roger wa Pili aliyekuwa Mkristo. Kwa muda wa karibu miaka 15 waliwahoji wasafiri waliopita kisiwani, wakalinganisha maneno yao, wakachukua waliyoafikiana na kuyaweka kando waliyohitilafiana. Matokeo yake yakachorwa juu ya sahani kubwa ya fedha, na pamoja nayo kikaandikwa kitabu, Nuzhat al-Mushtaq, kilichokamilika mwaka 548 Hijria, sawa na 1154 Miladia. Dunia iliyojulikana imegawiwa humo katika kanda 7, na kila kanda katika sehemu 10, kila sehemu na ramani yake. Zote ni 70. Kusini imewekwa juu, kama walivyofanya wachoraji wengi wa Kiislamu wa zama zile. Malindi na Mombasa zimetajwa, na Malindi imetajwa pamoja na biashara ya chuma.

Tuizingatie hatima ya kazi ile. Sahani ya fedha haipo tena. Kitabu kipo, kwa kuwa watu walikinakili kwa mkono karne baada ya karne. Nakala moja iliyoandikwa Cairo mwaka 1553 imehifadhiwa leo Oxford. Fedha iliyeyuka na karatasi ikaishi.

Lakini al-Idrisi, pamoja na ubingwa wake, hakufika kwetu. Katika ramani yake pwani ya Zanji haishuki kusini kama ijulikanavyo leo, bali inapinda kuelekea mashariki, ikinyooka mkabala na India na kuendelea. Alifuata mapokeo ya kale ya Wayunani, na habari alizoletewa hazikutosha kuyasahihisha. Hatulitaji hili ili kumshusha daraja. Twalitaja ili mtoto ajue kwamba kila ramani ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa kuuliza: shahidi alikuwa wapi, na alipata wapi habari zake?

Swali hilo lina uzito zaidi tukija kwenye atlasi za Ulaya. Mwaka 1572 ilichapwa huko Cologne, Ujerumani, juzuu ya kwanza ya kitabu cha picha za miji ya dunia, kazi ya Georg Braun na Frans Hogenberg. Katika ukurasa mmoja wameweka miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ni picha nzuri, na wapenzi wa ramani huzitafuta hadi leo. Lakini Braun hakupata kufika Mombasa. Habari za pwani yetu zilifika Ulaya kwa njia ya Wareno, na Wareno hao hao ndio walioishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Anayezitazama picha zile na asiijue tarehe hiyo huona majumba na bahari tu. Anayeijua hujiuliza mwenye kutazama amesimama chomboni au ufukoni, na amekuja kwa nia gani.

Hata ramani za darasani zina upande wake. Ile ya Mercator ya mwaka 1569 ilitengenezwa kuwafaa mabaharia, ili mwelekeo wa dira uwe mstari ulionyooka. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta hukuzwa kupita kiasi. Humo Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Mtoto anayekua akiiona Afrika imepunguzwa, na wala asielezwe sababu, hujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfunza.

Kwa hivyo, wazazi wanaotaka kununua atlasi, mpya au ya mkono wa pili, wakague mambo haya. Kwanza, mwaka wa kuchapwa: Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, na kitabu kisichokuwa nayo ni cha kabla ya hapo; vilevile kinachoonyesha Kenya yenye mikoa 8 badala ya kaunti 47. Kitabu cha zamani si cha kutupwa. Kiwekwe kando ya kipya, na mtoto atafute yaliyobadilika. Pili, kiwe na faharasa ya majina, ufunguo wa alama, na kipimo cha masafa katika kila ukurasa. Tatu, na hili twalisisitiza, kiwe na ukurasa wa Bahari ya Hindi nzima. Atlasi nyingi huikata dunia penye ufuko wetu: Afrika ukurasa huu, Bara Arabu ukurasa mwingine, India mbali kabisa. Katika ukurasa wa bahari nzima mtoto ataona Lamu, Mombasa, Barawa, Shihr, Maskati na Surat zikitazamana, ataelewa jinsi kaskazi ilivyoleta majahazi na kusi ikayarudisha, na atajua kwa nini jamaa mmoja ana nyanya wa Hadhramaut na babu wa Kachchh.

Kitabu kikishanunuliwa, kisifungiwe. Kiwe mezani baada ya Isha, hata kwa robo saa. Likitajwa jina la mji katika taarifa ya habari, litafutwe. Nyanya akisimulia alikozaliwa mamake, kidole kiende hapo. Shangazi aliye Jeddah au Muscat akipiga simu, mtoto amwonyeshe mdogo wake njia ya ndege. Na watoto wa kike wasiachwe nyuma katika hili, maana ndio watakaokuja kuulizwa na watoto wao kibla kiko wapi, nasi twapenda wajibu kwa yakini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu elimu yenye manufaa, na atuonyeshe njia iliyonyooka. Wabillahi tawfiq.