Kunyimwa kwanza, haki baadaye
Nchini Uingereza, mtu mwenye ulemavu anayeomba posho ya PIP, iliyoanza mwaka 2013, hupimwa kwa alama: anaweza kupika, kuoga, kuvaa, kutembea umbali gani? Alama 8 humpa kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Asiyeweza kuvuka mita 20 hupata 12. Akiandikiwa kwamba anavuka 50, huambulia 4, ambazo peke yake hazitoshi. Hatua chache kwenye karatasi ya mpimaji, basi mtu kakosa nauli ya teksi ya kumfikisha kliniki! Barua ya kukataliwa ikifika, ana mwezi mmoja kuiomba idara iliyomnyima ipitie upya uamuzi wake. Ikishikilia msimamo, ndipo rufaa huenda kwa jaji. Na huko, kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya rufaa zinazosikilizwa zimewapa waombaji ushindi. Kwa hiyo kosa liko mezani kwa wanaoamua mwanzoni, nao wanapaswa kusoma vyeti vya daktari kabla ya kusema hapana. Mwenye ndugu Uingereza aliyekataliwa amhimize asikate tamaa, aombe mapitio kabla mwezi haujaisha.