Daftari la wiki: Haraka ya jikoni

Mwezi ni mpevu wiki hii, na wavuvi wamelala nyumbani. Ndagala hufuata taa. Mbalamwezi ikishatanda ziwani, taa ya mvuvi haina kazi. Mitumbwi imevutwa mchangani, watu wanashona nyavu. Sokoni Lweba fungu la ndagala limekuwa dogo mpaka mama muuzaji analitandaza kwa vidole vyake, mmoja huku mmoja kule, lionekane limejaa. Mnunuzi aliyenitangulia alimtazama, akacheka: "Mama, hata ukiwatandaza hawazai." Akahamia kwenye maharage. Muuzaji naye akacheka, lakini bei hakushusha.

Ndagala wakiwepo, tuwale wazima. Naona watoto wa siku hizi wanang'olewa vichwa vya samaki eti vichungu. Kichwa na miiba ndivyo vyenye madini yanayojenga mifupa, na ndagala ni mdogo kiasi kwamba hakuna haja ya kumchambua.

*

Mabango ya lishe hutuchorea tufaha, maziwa na mkate wa ngano. Nani ana mtufaha hapa kwetu Fizi? Chukua sahani yetu ya kawaida: ugali wa muhogo, sombe yenye mawese na karanga, ndagala, siku nyingine lengalenga au matembele. Mbele ya mganga yeyote sahani hiyo haina aibu. Ubaya huingia kabla haijafika mezani, na mara nyingi huletwa na haraka.

Tuanze na muhogo. Ule mchungu una sumu ya sayanidi, na bibi zetu waliidhibiti bila maabara: wanaumenya, wanauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike na utoe ile harufu yake, ndipo wanauanika. Leo muhogo unaingia majini Jumatatu, Jumanne umeshapanda kwenye kichanja kwa sababu Alhamisi unatakiwa sokoni. Simlaumu mama anayefanya hivyo. Shamba liko mbali, mwizi anavuna kabla ya mwenyewe, na milio ya risasi ikisikika milimani mtu hung'oa kilichopo na kukimbia nacho.

Ila mwili haujui kwamba tulikuwa na haraka. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Hupenda miaka ya njaa na vita. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkoani Nampula, Msumbiji, uliwapata watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Hans Rosling, daktari kijana kutoka Sweden, alikuwa akifanya kazi huko, na baadaye aliufuatilia ugonjwa huo mpaka Bandundu, humu humu Kongo. Kivu Kusini nayo imeuona, kule Burhinyi.

Jambo ninalotaka tulishike ni hili: ili kuivunja sayanidi, mwili hutumia salfa, na salfa hiyo huipata kwenye protini, hasa ya samaki, mayai na nyama. Kwa hiyo ndagala watano pembeni ya ugali si kitoweo tu, ni ulinzi. Anayelishwa ugali mtupu wa muhogo uliotolewa majini mapema ndiye aliye hatarini, na katika nyumba nyingi huyo ni mtoto, kwa sababu samaki amewekewa baba. Wababa wenzangu, hapo sina la kututetea.

Na kama unga umeshanunuliwa na hujui muhogo wake ulilowekwa siku ngapi, iko njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Changanya unga na maji, utandaze uwe mwembamba kwenye sinia, uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inaruka hewani. Kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo. Haidai hela, inadai kukumbuka mapema tu.

Sombe nayo, kwa kuwa ni majani ya muhogo huo huo, itwangwe sawasawa na ichemke vya kutosha. Sombe ya nusu saa tuwaachie wenye meno ya mbuzi.

*

Nilikuwa jikoni kwa shangazi alipokuwa akiunga maharage. Mawese yalitoka kwenye dumu mekundu kama udongo wa barabara ya Uvira, yakakaa motoni mpaka yakawa meupe, moshi ukatufukuza sote wawili. "Mawese mabichi yanasokota tumbo, baba," akaniambia huku anafuta machozi. Shangazi habishiwi, nikanyamaza. Lakini wekundu ule ndio mali yenyewe: ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, ya macho na ya kinga ya watoto. Moto mkali unaiua. Ukanda wa Baraka unakamua mawese kwa jasho, ngazi za mchikichi zinachemshwa na kutwangwa, halafu tunayachoma mpaka yafanane na mafuta ya dukani! Mimi nyumbani nayatia kwenye sombe ikikaribia kuiva, moto ukiwa mdogo. Tumbo langu halijasokotwa.

*

Chai ya rangi pamoja na chakula: hapana. Huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, nasi tuna wajawazito wengi ambao malaria imeshawapunguzia damu. Inywe baada ya saa moja hivi. Kwenye lengalenga kamulia limau, hilo linasaidia.

*

Wazee wawili niliokaa nao kwenye foleni ya kituo cha afya walikuwa wakilinganisha tansio zao kama watu wanaolinganisha mavuno. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi, ambayo hupandisha shinikizo hilo la damu, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Sasa hesabu: samaki wa chumvi, halafu chumvi chunguni, halafu vipande viwili vya Maggi, ambavyo navyo ni chumvi iliyovaa suti. Kitunguu, nyanya na pilipili ziliacha kazi lini?

*

Na yule kaka wa pikipiki aliyenisimamisha kuniuliza kama pombe ya lutuku huyeyusha mawese tumboni: hapana, kaka. Inayeyusha nauli tu.